Jina la Kiponda Tsofa Katika Mchezo wa Mchukuzi

Kiponda Tsofa alinyang'anywa kazi yake akiwa hai, kitandani, na aliyemnyang'anya alikuwa mtu aliyekula kwake miaka minne. Familia imeona jambo hili litajwe kwanza, kabla ya kuzaliwa kwake na kabla ya shule, kwa sababu wengi mliofika leo mmesikia habari nyingine. Maneno haya yamesemwa na mjane wake, Nyevu, ambaye hakusoma, yakaandikwa na binti yao Linda, naye ndiye anayeyasoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1980 hapa Timbwani, Likoni, mtoto wa tatu wa Mzee Tsofa, ambaye ametangulia, na Mama Rosalia, ambaye tuko naye hapa. Mama Rosalia husema mtoto huyu alikawia kusema lakini hakukawia kufungua vitu. Alipokuwa na miaka minne aliifungua redio ya babake, akazipanga skrubu zake mkekani kwa ukubwa, kisha akalala kando yake. Babake alikata fimbo, akarudi, akaona zile skrubu zilivyopangika, akaitupa fimbo uani.

Alisoma shule ya msingi hapa Likoni, akamaliza darasa la nane mwaka 1995. Sekondari alifika kidato cha pili tu, kwani babake aliumia kiwandani na mkono mmoja ukawa wa kuvaa shati tu. Mwaka 1998 Kiponda akapelekwa Changamwe kwa fundi redio, Mzee Suleiman, akajifunze kazi. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kufagia na kutazama. Siku aliporuhusiwa kushika waya, Mzee Suleiman alimwambia, "Wewe mtoto, usiulize kitu kimeharibika wapi. Uliza kilikuwa kinataka kufanya nini." Maneno hayo Kiponda aliyasema mpaka nyumbani kwake, hata watoto wakawa wanamwigiza.

Alimwoa Nyevu tarehe 6 Novemba 2004. Wazee walikunywa tembo la mnazi la posa, na baadaye ndoa ikabarikiwa kanisani. Nyevu alikuwa akiuza viazi karai Miritini, kando ya barabara wanaposimama madereva wa malori. Kiponda alikuja kula mara tatu kwa siku moja. Mara ya tatu Nyevu alimwambia, "Kaka, wewe huna njaa. Sema kilichokuleta." Akasema. Walipanga vyumba viwili hukohuko Miritini, na Kiponda akafungua kibanda chake cha ufundi mbele ya jiko la mkewe. Mungu akawajalia Linda mwaka 2006, na Tsofa, aliyepewa jina la babu yake, mwaka 2014.

Sasa kazi yake, maana kazi yake wengi hawakuifahamu, hata majirani waliokuwa wakimwona kainamia kompyuta kuukuu wakadhani anacheza.

Ziko mashine ndogo za michezo, za kushika mkononi, kioo juu na vitufe chini, zinaenea kiganjani. Na iko michezo ya zamani iliyotengenezwa kwa kompyuta kubwa za mezani, ambayo haiingii humo. Kiponda alikuwa anaihamisha ile ya mezani ikachezeke kwenye hizi ndogo. Nyevu alipomuuliza kazi hiyo ni nini hasa, alimwambia, "Ni kuhama, Mama Linda. Mtu ana nyumba ya vyumba sita, anahamia chumba kimoja. Kitanda lazima kiingie. Kabati litabaki. Mimi ndiye ninayesimama mlangoni naamua." Alianza mwaka 2016, akajifunza mwenyewe, na kwa miaka tisa alihamisha michezo kumi na mmoja.

Kazi hii haina mshahara. Wanaoifanya wametawanyika duniani, hawajuani sura, na wanagawa kazi zao bure. Wana desturi moja tu: aliyehamisha mchezo huandikwa jina lake chini ya kioo mchezo unapofunguka, mstari mmoja. Mstari huo ndio ujira wao wote, na hakuna anayegusa mstari wa mwenziwe. Kiponda aliuandika wake kwa rangi ya kijani, kila mara mahali pale pale.

Na alikuwa na njia yake ya kazi ambayo wengine hawakuwa nayo. Kila mchezo aliomaliza alimpa Nyevu kwanza. Alimkuta anakanda unga, akamwambia anawe mikono, akamtia mashine mkononi.

"Mimi na haya mambo ya watoto wapi na wapi, Baba Linda?"

"Wewe cheza. Ukifa mara tatu ndipo nile."

"Huyu mtu wako haruki. Ana miguu mizito kama mamako."

"Mama yangu amekosa nini?"

"Hajakosa. Nasema miguu."

Basi Kiponda aliichukua mashine, akacheka, akarudi kibandani kuupunguzia mchezo mzigo, hadi yule mtu wa kiooni aweze kuruka. Vidole vya Nyevu ni vinene, vya mtu wa moto na unga, na Kiponda alisema kitufe kikimtii Nyevu kitamtii kila mtu. Na kwa kuwa mkewe hakujua kusoma, maneno yote ya kwenye mchezo aliyageuza picha. Palipoandikwa "fungua", alichora mlango. Palipoandikwa "umechoka", alichora mtu kaketi juu ya gunia. Watu wa mbali walimwandikia wakimsifu kwa jambo hilo, wakisema watoto wao wasiojua kusoma wanacheza wenyewe. Linda alizisoma barua hizo kwa sauti jikoni. Kiponda akamnyooshea mkewe kidole, akasema, "Mwenye sifa huyo hapo, anaunguza viazi."

Kitu kimoja tu hakukigeuza, nacho ni jina. "Jina halichoreki," alisema. Akataka kumfundisha Nyevu alisome jina lake, herufi chache tu, jioni moja au mbili. Nyevu akamjibu, "Jina lako nalijua kwa mdomo, lanitosha. Na mahali pake nalijua." Wakaliacha hapo. Jioni hizo zilikuwepo nyingi, wala haikutumika hata moja.

Bonface Mutua alikuja kibandani mwaka 2021. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini, karani wa yadi moja ya malori, mwenyeji wa Kitui, na alileta mashine ya mkononi iliyovunjika kioo. Ilipotengenezwa hakuondoka. Kiponda akamfundisha yote aliyoyajua, na kwa kuwa Bonface alikuwa na Kiingereza kizuri, akamwachia uandishi wa barua. Alikula kwa Nyevu mchana na mara nyingi jioni. Alimwita Kiponda mzee, na Nyevu shemeji.

Mchezo wa mwisho wa marehemu unaitwa Mchukuzi. Ni wa mtu anayebeba mizigo ya watu kuipandisha jengo la ghorofa mia. Kila ghorofa ina wapangaji wake na vituko vyao. Mwenyewe aliyeutunga, mzee wa ng'ambo, alikuwa amesema yeyote atakayeweza kuuhamisha na auhamishe. Wengi walijaribu wakashindwa, kwa kuwa lile jengo lilikuwa kubwa kuliko mashine. Kiponda aliufanyia kazi miaka miwili na miezi mitatu. Alipata njia ya kuijenga ghorofa moja tu kwa wakati, ile anamosimama mchukuzi, na kuibomoa mara akiondoka. Siku alipofanikiwa aliinuka kibandani, akaja jikoni, akamshika Nyevu mabega. Akachukua kiazi akaondoka.

Ugonjwa wa figo ulimwanza Septemba 2023. Alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, mkono mmoja umefungwa mirija na mwingine uko kwenye vitufe. Wauguzi walimzoea hivyo. Mwezi wa Mei mwaka huu alilazwa, nao mchezo wa Mchukuzi ulikuwa umebakia kutolewa tu, upelekwe kule mtandaoni wanakoweka michezo yao ulimwengu uchukue. Kazi hiyo akamwachia Bonface, akampa sharti moja mbele ya Nyevu: "Usiutoe mpaka Mama Linda aone jina limekaa." Maana ndivyo ilivyokuwa siku zote. Nyevu alikuwa wa mwisho kutazama.

Jumamosi tarehe 17 Mei, saa tano asubuhi, Bonface alimfikia Nyevu kwenye karai lake, ameishika mashine.

"Shemeji, tazama basi. Mzee yuko pale chini, kwa kijani. Limekaa?"

Nyevu alijifuta mikono kwa leso, akainama akatazama. Palikuwa na maandishi ya kijani, mstari mmoja, mahali pale pale.

"Limekaa sawasawa."

"Niutoe?"

"Utoe. Na ukae ule, nimekuwekea."

Akakaa, akala. Alasiri Nyevu aliipeleka mashine wodini. Kiponda aliiwasha, akaitazama kwa muda mrefu. Nyevu alidhani ni macho yamechoka.

"Umeliona?" akamuuliza.

"Nimeliona."

"Ndilo?"

Kiponda akamtazama yeye, si mashine. "Ndilo, Mama Linda. Limekaa sawasawa." Kisha akamwomba acheze, yeye amtazame. Nyevu akaketi ukingoni mwa kitanda, akapandisha mizigo mpaka ghorofa ya tisa, mbali kuliko alivyowahi kufika, na kila alipokosea mumewe alimgusa kiwiko. Kengele ya kuwaondoa wageni ilipolia alimwambia, "Kesho uendelee ulipoishia."

Hawakuendelea. Usiku huohuo alizidiwa, akahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi, na maneno hayakurudi tena. Alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, katika hospitali ya Port Reitz, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Alhamisi iliyofuata, watu wamejaa nyumbani, Nyevu alimwambia Linda awaonyeshe wajomba kazi ya baba. Linda akaiwasha mashine, akaanza kusoma kwa sauti ule mstari wa chini, akaishia neno la kwanza. Mamake akamwambia, "Soma." Ulisema: Umehamishwa na Bonface Mutua.

Mwandishi wa wasifu hutakiwa kusema marehemu alikuwa mpole. Alikuwa mpole. Alilala pale akijua, akamwonea huruma mkewe aliyesema utoe, akaamua asimwambie kitu. Nyevu hajashukuru kwa upole huo. Angependa amfokee. Angependa aitupe ile mashine chini, amwite mjinga mbele ya wodi nzima, wagombane mpaka maneno yaishe, kama walivyogombana juu ya kodi na juu ya mamake, kisha wapatane. Hilo ndilo analolitaka kila alfajiri anapowasha jiko na kibanda kimefungwa: ugomvi ule, kwa sauti yake.

Bonface alipigiwa simu na Nyevu. Alisema, "Shemeji, ilikuwa ni ya muda tu. Kuna kampuni Nairobi walitaka kuona kazi yenye jina langu. Nimepata kazi, unajua. Nitarekebisha."

"Lini?"

"Tuzike kwanza, shemeji. Si vizuri kuongea hayo na mwili haujalala."

Marehemu ameacha mjane, Nyevu. Watoto wawili, Linda na Tsofa. Mama mzazi, Rosalia. Ndugu wanne, na fundi wake Mzee Suleiman, ambaye amekuja kwa mkongojo kutoka Changamwe na anaomba asikalishwe juani.

Ni desturi katika mazishi yetu kutangaza kwamba aliyemdai marehemu ajitokeze kwa familia. Tulitangaza juzi. Aliyejitokeza ni Bi Mastura, jirani, aliyemwazima pasi ya fundi ya kuunganishia waya, mali ya mwanawe. Amerudishiwa, na ameshukuru. Hakuna mwingine. Kiponda hakuondoka na cha mtu.

Wanaodaiwa na marehemu hawatangaziwi kwa desturi, lakini leo tunatangaza, kwa kuwa ni mmoja na amekuja, yuko chini ya turubai la wanaume, na shada la maua alilolileta limepokelewa. Bonface Mutua anadaiwa mstari mmoja. Waliokwisha kuuchukua mchezo ni maelfu na hawarudishiki. Anadaiwa kwa ajili ya wale watakaouchukua kuanzia leo. Anadaiwa kumwandikia yule mzee wa ng'ambo, kwa kile Kiingereza chake kizuri, nani aliyelijenga jengo ghorofa moja moja. Na anadaiwa kumweleza Tsofa, mtoto wa miaka kumi na mmoja, kwa mdomo wake, si kwa simu. Alisema tuzike kwanza. Kaburi likishafukiwa, Bonface, utatukuta nyumbani.

Kiponda, mwana wa Tsofa na Rosalia, pumzika. La kwako tunalifuatilia sisi.