Picha Mbili za Kichwa cha Mama Hyasinta

Kuanzia Sirari mpaka Lamadi hakuna anayesafisha picha za eksirei kunishinda mimi, Makongoro wa Guta. Mbavu nikizitoa mimi, mgonjwa anasahau kuumwa, anaomba akazitundike sebuleni. Darasa la saba nililipita mbiombio, sawa, lakini kwenye chumba cha giza vyeti havionekani. Nasema haya mapema ili mjue ukubwa wa mtu aliyenifundisha.

Mama Hyasinta Nyangi anastaafu tarehe 30 Juni 1997, baada ya miaka thelathini na moja, karibu yote katika chumba cha eksirei cha hospitali yetu hapa Bunda. Alizaliwa Butiama, akasomea kazi Mwanza, akaletwa hapa akiwa binti mwembamba, hospitali ikiwa na jengo moja na nusu. Majengo yameongezeka. Mama naye ameongezeka. Mashine ni ile ile.

Wanaokumbuka miaka ya foleni, sabuni ikiuzwa kwa kunong'onezana, wanajua alivyoishikilia idara hii. Filamu zilipoadimika alikuwaga anaikata moja vipande viwili gizani, kwa kupapasa tu. Mzee mmoja wa Manyamanyama aliondoka na picha ya kiganja chake pamoja na kipande cha goti la mtu mwingine, akashukuru kwa nyongeza. Baadaye soko likafunguliwa, mitumba ikamwagika mpaka stendi, zahanati za watu binafsi zikaanza kuota, na mojawapo ikamfuata kwa mshahara mnono. Alikwenda kuiangalia mashine yao, akarudi akasema bado inanukia duka.

Sauti yake kila mtu anaijua. Vuta pumzi. Zuia. Pumua. Alisema hivyo kwa Kiswahili, kwa Kizanaki, kwa Kijita, na kwa Kikurya kilichowafanya Wakurya wapumue kabla ya wakati kwa kucheka.

Sasa, mwaka 1995 alikuja Mzee Mayala, mgambo wa zamani, mtu mtiifu kupita kiasi. Mama akamsimamisha kifua kwenye ubao, akamwambia avute pumzi, azuie. Picha ikapigwa. Mama akachukua sanduku la filamu, akaniletea gizani, tukaanza kupiga soga. Mzee huko nje akazuia. Akaendelea kuzuia. Tulisikia kishindo, tukatoka, tukamkuta sakafuni, rangi ya majivu. Alipozinduka hakumlaumu mtu. Alisema alikuwa anangoja amri ya kupumua.

Tulicheka sana, na mama alicheka kutuzidi. Halafu akapiga mguu mmoja picha mara mbili asubuhi hiyo hiyo. Akauliza swali, akajibiwa, akaliuliza tena. Siku jina la mjukuu wake, Boke, lilipomponyoka mbele ya mtoto mwenyewe, kicheko kikaisha. Maana mama yake mzazi alianza hivyo hivyo kule Butiama, kidogo kidogo, mpaka akawa analishwa uji na binti yake bila kujua ni nani, akidhani ni mtoto wa jirani. Mama Hyasinta ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Alijua barabara hiyo inakoishia.

Daktari Apolinary, mganga wetu mkuu, ndiye aliyesikia kwamba Nairobi kuna daktari anayetafuta watu walioanza kusahau lakini bado wanajitambua, awapige picha za ubongo. Si kwa eksirei kama yetu, maana yetu ukiipiga kichwani unapata fuvu, ya ndani huambiwi. Ile inakizunguka kichwa na kukionyesha vipande vipande bila kisu. Ndani kabisa, usawa wa masikio, kuna sehemu ndogo inayopokea mambo mapya. Ikisinyaa upesi, kusahau kudogo huenda kukageuka ugonjwa wenyewe. Ikitulia, matumaini yapo. Ila picha moja haitoshi. Ni kama ng'ombe wa kiangazi: ukimwona siku moja hujui kama anakonda au ndivyo alivyo. Unarudi baadaye, unalinganisha.

Picha ya kwanza ilipigwa mwaka huo huo. Jibu likawa: tungoje. Mama akahamishiwa mapokezi, angoje huko.

Machi mwaka huu akaenda kwa picha ya pili, na msindikizaji nikawa mimi. Kuna wanaosema nilichaguliwa kwa kuwa sikuwa na kazi ya maana. Wivu. Njiani, kabla hatujafika mpakani, mama alinipa masharti. Picha ikiwa mbaya nisimpambie maneno, na akija kusahau kwamba aliambiwa, nimwambie tena, hata kila siku. Niliitikia.

Daktari wa Nairobi alizitundika picha zote mbili kwenye taa, ya zamani kushoto, mpya kulia. Akaweka rula. Akapima, akapima upande wa pili. Mimi bingwa nilikuwa naona kabichi mbili tu.

"Makongoro," mama akasema bila kugeuka, "pumua."

Daktari akashusha rula. Akasema sehemu ile haijapungua, iko vilevile. Akasema picha si nabii, na atapenda kumwona tena, lakini kwa anachokiona njia hii siyo ile ya mama yake mzazi. Kisha akamuuliza habari za usingizi. Mama akasema tangu Mzee Masatu, mume wake, afariki mwaka 1994, hakuwahi kulala usiku mzima. Daktari akatikisa kichwa polepole, akasema hata kichwa kizima kikinyimwa usingizi kiasi hicho kitapoteza majina ya watu.

"Rudia, daktari," mama akasema. "Sijasahau. Nataka tu kulisikia tena."

Akarudia. Mimi nilitoka nje, macho yalikuwa yameingiwa na vumbi la Nairobi. Tukirudi, pale mpakani Sirari, mama alimbana bei muuza mitumba mpaka yule kijana akaniuliza kama huyu ni bibi yangu au ofisa wa ushuru. Hapa Bunda mlipiga vigelegele mpaka wodi ya wazazi wakadhani kuna mapacha. Mzee Mayala naye alifika kumpongeza, akasema yuko tayari kupigwa picha tena, ila safari hii atatumia akili yake mwenyewe.

Mama Hyasinta, kwa mifupa yetu yote uliyoiona kabla hatujaiona wenyewe, asante. Nenda Butiama. Lala mpaka jua likukute kitandani, na Boke na wenzake wakusumbue kwa majina yao yote. Maisha mema tunakutakia, tena marefu.

Limebaki moja lililoharibika kweli, na si mashine. Miezi ile uliyoambiwa ungoje, sisi hatukungoja. Ukianza sentensi, tuliimalizia. Ukitafuta neno, tulikuwa tumeshalitaja. Ukisimulia, tulitazamana. Nairobi walikuwa hawajapima, sisi tulikuwa tumeshapima na kukata. Picha ikaja njema, wewe ukawa umeshazoea. Mpaka leo unaanza habari, ukifika katikati unanyamaza, unatungojea tukumalizie.

Mwisho wa habari zako hatuujui, mama. Haujawahi kutufikia.