Setrak Kalpakjian, Aliyepiga Simu Kila Jioni (1889–1957)

Padri wetu, wifi yangu Satenik, watoto wa marehemu, ndugu wa Fresno mliosafiri tangu alfajiri, na nyinyi marafiki wa kazi mliokuja na makoti yenu ya kwenye filamu kwa sababu ndiyo makoti mazuri mliyo nayo: wasifu huu unasomwa na Aghavni, dada mdogo wa marehemu. Mwanawe, Ara, aliniambia, "Shangazi, andika mambo ya kawaida tu. Alizaliwa, akasoma, akafanya kazi. Ukurasa mmoja unatosha." Nimejaribu, Ara. Maneno yamezidi ukurasa, na nimeyapeleka mwenyewe kwa mchapaji bila kukuonyesha, maana ungenizuia.

Marehemu Setrak Kalpakjian alizaliwa tarehe 3 Februari 1889 katika kijiji cha Husenik, karibu na Kharput, akiwa mtoto wa kwanza wa Bwana Garabed Kalpakjian, muuza mazulia, na Bi. Yeghsa. Mimi nilifuata miaka kumi baadaye. Mwaka 1905 familia ilihamia Fresno, ambako hakuna aliyetaka mazulia ya baba, tukaishia kwenye zabibu kama wenzetu wote. Baba alikitundika ukutani kile kizibao chake cheusi cha dukani, akavaa ovaroli, na hakukivaa tena isipokuwa Pasaka. Setrak alikuwa na miaka kumi na sita, mimi sita. Mimi niliokota Kiingereza mtaani nikicheza. Yeye alikuwa amekwisha kuchelewa, na mpaka anafariki alikizungumza kama mtu anayetafuna kokwa za jozi na maganda yake.

Elimu yake ilikuwa miaka minne kwa padri kule kijijini, na baadaye masomo ya jioni Fresno, kwa mwalimu mmoja aliyewataka watu wazima wakariri mashairi. Setrak alikariri lake la bahari na mama aliyefiwa, akalia mpaka na mwalimu akalia. Njiani kurudi nyumbani akaniuliza, "Aghavni, hivi lilikuwa linahusu nini?" Nilipomweleza, akalia tena. Hivyo ndivyo alivyokuwa, hata jambo asilolielewa alilihisi.

Kazi yake aliianza mwaka 1912, pale watu wa filamu walipokuja kwenye vilima vyetu kutafuta mahali panapofanana na jangwa. Walimwona na masharubu yake, wakampandisha ukutani, wakampiga risasi za uongo, naye akaanguka. Akaanguka mara tatu bila kuchubuka. Aliporudi jioni na ujira wake, baba alimtazama juu mpaka chini. "Wamekulipa kwa kuanguka? Mbona hapa kwangu unaanguka bure kila siku?" Mwaka uliofuata alihamia Los Angeles.

Kwa miaka thelathini na sita iliyofuata alikuwa mwizi wa farasi, mlevi wa baa, mlinzi wa sultani, mwenye mgahawa, jambazi wa mpakani, maiti. Maiti hasa. Hakuwahi kuwa mtu mwenye jina. Kwenye kumbukumbu za kazi aliandikwa "Mtu wa pili mlangoni" au "Mwenye masharubu". Lakini nyinyi wenzake mnajua, na wageni nawaambia: kwenye kazi ile, mtu mwenye masharubu yake mwenyewe si sawa na mtu wa kubandikwa gundi. Alikuwa akiyapaka mafuta ya zeituni kila asubuhi na kuyafunga kitambaa akilala. Mafua yakimpata, alihofia masharubu kabla ya mapafu.

Alifunga ndoa na Bi. Satenik Mardirosian Jumapili tarehe 18 Januari 1920, katika kanisa letu la Fresno, wakajaliwa watoto wawili, Ara na Zabel. Wifi yangu alikwenda kuziona filamu zote za mumewe, na kila alipouawa alilia kwa sauti. Nilikuwa nao siku moja. Setrak amekaa pembeni yake anamenya mbegu za maboga, na pale kwenye pazia la sinema anachomwa kisu. Satenik akapiga yowe. "Mama wee, niko hapa!" Setrak akamwambia. "Shika, kula mbegu." Satenik akamsukuma mkono. "Niache! Sikulilii wewe, namlilia yule!" Watu wakatugeukia wote. Ni Satenik aliyehesabu kwamba aliuawa mara sitini na moja, na ndiye aliyekataa isiandikwe kwenye kadi ya mwaliko wa maziko.

Sasa nije kwangu.

Tangu mwaka 1923 nilifanya kazi kwenye ofisi iliyokuwa ikiwatafutia kazi waigizaji wadogo, kwenye swichibodi ya kupokelea simu. Jina langu pale lilikuwa Agnes Kalpak. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, masikio yamebanwa na vyuma, kila mmoja na herufi zake za majina, na K ilikuwa yangu. Mambo yalikwenda hivi: kila jioni, kuanzia saa kumi na moja, waigizaji mji mzima walipiga simu. Mtu hasalimii, hasemi habari yako. Anataja jina la ukoo, kisha lake. Sisi tunatazama kadi zilizotoka studio, tunajibu, tunakata. Jibu lenyewe karibu siku zote ni moja: "Hakuna kazi, jaribu baadaye."

Kwa hiyo mimi na kaka yangu tulizungumza kila jioni kwa miaka saba namna hiyo.

"Kalpakjian, Setrak."

"Hakuna kazi, jaribu baadaye."

"Asante, binti."

Ile asante ilimkera msimamizi wetu, Bi. Pruitt. "Agnes, yule anayeshukuru anatupotezea muda. Mwambie aache." Nilimwambia Jumapili, mezani kwao. Setrak akamgeukia mkewe. "Satenik, umemsikia? Yule binti wa simu ana roho ngumu kama kokwa! Sijui nani atamwoa." Tukacheka. Kwenye kabati la ofisi kadi yake iliandikwa hivi: "Masharubu yake mwenyewe. Anaanguka vizuri." Nilikuwa nikiisoma kwa fahari. Naomba mniamini kwa hilo, kwa sababu kulikuwa na wakati nilijivunia kaka yangu.

Mwanzoni mwa mwaka 1930 nilikuwa nimechumbiwa na Harlan Whitcomb, daktari wa meno, yule pale benchi la pili. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na shangazi zetu wa Fresno walikwisha kuacha hata kuniombea. Mama yake Harlan alikuwa mama wa kanisa, wa glavu nyeupe, na wa sinema kila Jumamosi. Nilimwambia kwamba kwetu ni watu wa mashamba na kaka yangu ni mfanyabiashara. Lafudhi sikuwa nayo, na jina nilikwisha kulikata mkia. Nani angejua? Filamu zilikuwa zimeanza kusema, lakini Setrak alikuwa akifa kimya kimya kama zamani.

Alhamisi tarehe 6 Machi 1930, kadi ilitua mbele yangu. Mwongozaji mmoja, Bwana Lindqvist, alikuwa amemwona Setrak akifa kwenye ngazi wiki iliyotangulia, akamtaka yeye na si mwingine. Sehemu yenyewe: mzee mhamiaji, muuza mazulia, binti yake anaolewa na watu wakubwa na hataki baba aonekane harusini. Kesho saa moja asubuhi. Aje na nguo zake mwenyewe. Maneno, kurasa nne. Na mwenye maneno jina lake huandikwa mwanzoni mwa filamu, kwa herufi kubwa, kila mtu asome.

Nilikisoma kisa kile mara mbili. Nikamwona mama yake Harlan na glavu zake, amekaa sinemani, anasoma KALPAKJIAN. Halafu anamsikia kaka yangu akitafuna jozi kurasa nne nzima, ukumbi unacheka. Harusi yangu ilikuwa tarehe 26 Aprili.

Saa kumi na moja na dakika arobaini taa ikawaka.

"Kalpakjian, Setrak."

"Hakuna kazi, jaribu baadaye."

"Asante, binti."

Kanuni ni kwamba ukijibiwa hupigi tena jioni hiyo. Yeye alipiga tena saa kumi na mbili na dakika kumi. Alitaja jina, nikajibu, nikakata kabla hajashukuru. Niliweka glasi ya maji juu ya ile kadi ili nisiione. Saa moja kasorobo akapiga mara ya tatu, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba akavunja kanuni.

"Binti, samahani sana. Hebu angalia vizuri. Nimesikia Bwana Lindqvist anamtafuta mtu mwenye masharubu. Kizibao cha baba nimekwisha kukipiga pasi."

"Hakuna kazi," nikasema. "Jaribu baadaye."

"Haya. Asante, binti."

Mara tatu, Padri. Najua mnachofikiria, nami nimekifikiria kila Alhamisi Kuu kwa miaka ishirini na saba. Jogoo tu ndiye hakuwepo. Niliandika "hapatikani" juu ya kadi, nikaisogeza kwa mwenzangu, na kazi ikaenda kwa Bwana mmoja, Feldt, mwenye masharubu ya gundi. Feldt hakukosa kazi tena.

Kaka yangu alikwenda kuiangalia filamu ile. Alitoka ukumbini taratibu, akavaa kofia. "Masharubu yamebandikwa vibaya," akaniambia. "Lakini amelia vizuri. Amelia vizuri sana, Aghavni." Nilimshika mkono tukavuka barabara, kwa sababu magari yalikuwa mengi. Harusini kwangu alikuja, nikamkalisha nyuma pamoja na watu wa Fresno. Wakwe zangu walipomwuliza anafanya biashara gani, aliinua macho akanitafuta, akayaona yangu, akajibu, "Mazulia."

Aliendelea kufa mbele ya kamera mpaka mwaka 1949, goti lilipokataa kuanguka. Majira ya kuchipua mwaka huu alianza kukohoa, na mwezi wa Agosti madaktari wakasema ni mapafu, wala hawatampasua. Hospitalini alidai simu kabla ya kudai dawa. Kila jioni ilipofika saa kumi na mbili alinipigia nyumbani. Bila salamu.

"Kalpakjian, Setrak."

Na mimi ilinibidi niseme lile jibu, maana ndiyo mchezo wenyewe alioutaka. Alikuwa akicheka mpaka anakohoa, nesi namsikia akimgombeza. Kila jioni niliapa kwamba leo namwambia. Jumanne iliyopita, tarehe 12 Novemba, nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi, nimekaa kabisa kitini jikoni nasubiri. Simu ikalia, akataja jina lake, sauti imeisha. Nikafungua mdomo, na mdomo ukasema ulichozoea.

"Asante, binti," akasema.

Alifariki Jumatano tarehe 13 Novemba 1957, saa kumi na mbili asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Kama alijua, sijui. Msinifariji kwamba alijua na alinisamehe, tafadhali. Hakuna aliyeniachia ujumbe wa namna hiyo, nami sistahili kujitungia.

Juzi nilimwambia Harlan, jikoni, kwa Kiingereza, ili aelewe vizuri ameoa nani. Alivua miwani, akaifuta. "Agnes," akasema, "mama alikuwa anakwenda sinema ili alie. Angempenda." Basi, hata nilichokiogopa hakikuwepo.

Jana nilimwambia wifi Satenik. Nilitaka anipige kofi. Hakunipiga. Aliingia chumbani, akatoka na kizibao cheusi cha baba na pasi ya moto. Setrak aliacha amri azikwe nacho. "Huwezi kujua," alimwambia mkewe, "pengine watanihitaji." Satenik akaviweka vyote viwili mbele yangu, akasema, "Kipige pasi wewe." Nimekipiga pasi mimi. Ndicho alichovaa humo ndani ya jeneza.

Marehemu ameacha mke wake, Bi. Satenik, watoto wake, Ara na Zabel, mkwe, Bi. Lorraine, mke wa Ara, wajukuu watatu, na dada mmoja, Aghavni Kalpakjian, ambaye kuanzia leo hataki kuitwa Agnes. Baada ya maziko mnakaribishwa ukumbi wa kanisa, kuna pilau ya ngano na kahawa.

Kaka yangu, apumzike. Ila kwanza kuna jibu moja lililobaki swichibodi, limechelewa miaka ishirini na saba, na nitalisoma kama tulivyofundishwa.

Kalpakjian, Setrak. Kuna kazi. Saa moja asubuhi. Maneno, kurasa nne. Njoo na nguo zako mwenyewe.