Irja Lehtovaara na Mawimbi Mafupi

Ijumaa, tarehe 30 Mei, muuguzi Irja Lehtovaara anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha upasuaji wa macho hapa Thunder Bay. Aliajiriwa kwa miezi sita tu, kushika nafasi ya mwenzetu aliyekuwa likizo ya uzazi.

Wengi mnamjua kwa mikate yake ya iliki. Sisi tuliofanya naye kazi tunamjua kwa daftari lake.

Miaka yake ya mwanzo, lenzi ya jicho yenye mtoto wa jicho ilivunjwavunjwa kwa mawimbi ya sauti yasiyokatika. Daktari Gaudet, mpasuaji wetu wakati huo, alikanyaga pedali ya mashine mpaka mwisho, akamaliza upesi, akasifiwa. Lakini aliyewafungua wagonjwa bandeji kesho yake asubuhi alikuwa Irja. Aliona baadhi yao kioo cha mbele cha jicho kimeingia ukungu, akaanza kuandika: mawimbi kiasi gani, ukungu kiasi gani. Aliandika miezi minane bila kumwambia mtu.

Kisha akaja Wendell Kachur, dereva wa gari la kuondoa theluji. Jicho moja lilikwishapotea kiwandani. Lililobaki lilikuwa na lenzi ngumu kama jiwe. Kabla hajaingizwa, Irja aliliweka daftari mbele ya daktari.

"Unanifundisha kazi, Irja?"

"Hapana, daktari. Nakuonyesha kazi yako mwenyewe."

Gaudet alizisoma kurasa zote akiwa amesimama. Halafu akaomba ndoano ndogo. Aliipasua lenzi vipande kwa mkono kwanza, ndipo akatumia mawimbi mafupimafupi yenye mapumziko, ili jicho lisipate joto. Alichelewa dakika kumi na mbili. Hakuna aliyelalamika.

Kesho yake bandeji ilipotoka, jicho likiwa halina ukungu, Wendell alimtazama Irja kwa muda mrefu. "Kwa sauti yako nilidhani wewe ni msichana," akasema.

"Na mimi nilidhani una adabu," akajibiwa.

Tangu hapo tunachagua mawimbi kwa ugumu wa lenzi, si kwa mazoea. Ilipokuja mashine ambayo sindano yake hutikisika upande kwa upande badala ya mbele na nyuma, wauzaji walituletea vijitabu vya rangi vya kuisifu; Irja alidai kwanza alinganishe wagonjwa sitini. Akalinganisha, akakubali. Madaktari chipukizi kumi na tisa wamefunzwa na mwanamke ambaye hajawahi kushika kisu.

Machi mwaka huu zamu ya kupasuliwa mtoto wa jicho ilimfikia yeye. Akiwa amelala chini ya taa, alimuuliza Daktari Nisbet, mmoja wa hao kumi na tisa, amechagua mawimbi yapi. Nisbet alimweleza. Irja akafikiri kidogo, akasema, "Haya, endelea."

Asante, Irja. Nenda kwenye kibanda chako cha ziwani, uwashe sauna, chumba chako cha mvuke, uitazame theluji ikianguka bila haraka ya kuwahi kazini. Tunakutakia siku njema nyingi, na uzione zote vizuri.