Fremu ya Sufuria ya Marehemu Zakayo Masinde

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika hapa Nakuru leo Jumamosi, tarehe 16 Novemba 1957, mimi mdogo wake marehemu nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, na nitayasoma kama mjane wake, Mama Nekoye, alivyotaka, hata pale ambapo ningependa kuruka.

Marehemu Zakayo Masinde alizaliwa mwaka wa 1912 huko Kimilili, kifungua mimba wa mzee Wamalwa, akasoma shule ya misheni ya Lugulu hadi darasa la nne, na mwaka wa 1934 akapanda gari moshi kuja Nakuru, ambako reli ilimwajiri, kwanza kufagia karakana, baadaye akawa fundi. Tarehe 17 Desemba 1938 alimwoa Nekoye kanisani, wakajaliwa Truphosa, Makokha na Eucabeth, hao mnaowaona mbele.

Nekoye alipata kazi ya kuchuma pareto Subukia, akaishi huko na watoto, naye marehemu kila Jumamosi king'ora kikishalia alipanda mlima wa Bahati kuwaendea, kwa baiskeli ya chuma nzito ajabu. Mwaka wa 1955 aliuza mitamba wawili, akanunua kwa Mzungu mmoja wa Njoro aliyekuwa akihama, baiskeli yenye fremu ya aluminiamu, nyepesi hata Eucabeth aliweza kuinyanyua, jamani, nani alikuwa ameona kitu kama kile?

Karakana nzima ilitoa maoni, eti ni sufuria yenye magurudumu, eti chuma ni chuma, baba akatuma neno kwamba mwanawe amerogwa, na sisi ndugu zake tulicheka mpaka machozi. Nekoye alikaa katikati ya kicheko hicho kimya, maana alijua mumewe anatema damu, baiskeli ya chuma imemshinda mlimani, na wakubwa wa reli wakijua, kazi imekwenda na nyumba imekwenda, na mumewe alikuwa amemwapisha asimwambie mtu, sasa angefanya nini?

Mwezi wa Julai mwaka huu fremu ilipasuka chini ya kiti, na mwenzake Owino akajitolea kuichomelea kwa shaba kama walivyozoea, akaitia moto akisubiri iwe nyekundu, kwa kuwa chuma hukuonya kwa rangi, kumbe aluminiamu haiwi nyekundu kamwe, ikayeyuka ghafla ikamwagika sakafuni kama uji. Marehemu hakugomba, alirudia baiskeli ya chuma, Nekoye akamsihi asije, akaomba ruhusa kwa mwenye shamba la pareto aje yeye mjini, akanyimwa, na tarehe 2 Novemba wapita njia walimkuta marehemu amekaa kando ya barabara mlimani, hawezi kusema. Alilazwa hospitali, kifua kilikuwa kimekwisha, akafariki Jumanne tarehe 12 Novemba 1957.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliofanya walivyoweza, majirani wa nyumba za reli walioleta kuni na unga, na mafundi wenzake waliotengeneza jeneza. Bwana Owino, tunakuona umesimama huko nyuma tangu asubuhi, Nekoye anasema hukumuua mtu, njoo ukae na familia. Kisha anauliza, kama yupo hapa anayejua ni nani angeweza kuambiwa bila mumewe kufukuzwa kazi, amtajie, kwa sababu yeye alimtafuta mtu huyo miaka miwili, hakumpata.

Zakayo, mwana wa mama yetu, pumzika kwa amani.