Cheti kwa Jina la Mwenye Nyumba

Kwenye kona ya Nyalukemba, mbele ya duka la Virginie, muzee Placide alikaa upande wa kulia wa benchi, mahali pake tangu alipostaafu ukarani wa parokia. Kwa miaka thelathini na miwili aliandika majina ya waliobatizwa, ndiyo maana kijiweni walimwita Registre, yaani daftari la majina. Asubuhi hiyo Virginie alimimina kahawa huku akiitazama simu yake. Juzi alikuwa amefungua tovuti ya kuuza kahawa ya Kalehe anayoikaanga mwenyewe, na Maman Gisèle, mwenye nyumba ya wageni, aliahidi kuitazama leo kabla hajaagiza. Lakini kila aliyeifungua alikutana na onyo: certificat, yaani cheti cha tovuti, si halali, wezi wanaweza kuiba habari zako.

Marcellin, aliyeketi kando ya Placide na kuitwa Ministre, yaani Waziri, ingawa hajawahi kuongoza hata mkutano wa ukoo, alishikilia kwamba tovuti imekosa muhuri wa ofisi ya komini. Bienfait, mzee wa tatu kwenye benchi, alikwenda mbali zaidi.

— Simu inasema kuko bezi, basi kuko bezi. Weka sentinelle, mulinzi.

— Atasimama wapi? akauliza Virginie.

— Ku mulango ya tovuti. Binamu yangu hana kazi, na iko na imbwa.

— Imbwa nayo bataiomba certificat, akasema Marcellin.

Wakabishana juu ya chanjo ya mbwa huyo, vikombe vikijaa na kuisha. Placide hakuwa na desturi ya kusema kabla ya kikombe cha pili. Alipokimaliza, akakiweka chini.

— Virginie, ile certificat iko kwa jina ya nani?

Hakuna aliyekuwa amefikiria kuuliza. Virginie akabonyeza onyo, akasoma polepole. Jina halikuwa la tovuti yake. Lilikuwa la kampuni inayoihifadhi.

— Basi hakuna mwizi, akasema Placide. Wewe ni mupangaji wa ile kampuni, lakini umeonyesha karatasi ya mwenye nyumba. Simu imesoma jina ku mulango, imesoma jina ku karatasi, imeona hayafanane. Hata mimi ningekatala. Kijana moja aliniletea cheti ya ubatizo ya kaka yake, anataka kufunga nayo ndoa. Nilimurudisha.

Virginie akaipigia kampuni, akaelekezwa pa kubonyeza ili apewe cheti chake mwenyewe. Placide alisimamia kila herufi ya anwani. Baada ya dakika chache onyo likatoweka, picha ya gunia la kahawa ikajaa kwenye kioo cha simu. Bienfait akapiga makofi, Marcellin akajipongeza kwa niaba ya serikali, birika likazunguka tena.

Ndipo akatokea mwanamke mwenye mkoba mkubwa. Alikuwa Maman Gisèle. Alisema alilisoma onyo asubuhi, akaona afadhali aje mwenyewe kuwatazama hao wezi. Virginie akampa simu. Sasa ukurasa ukafunguka bila onyo.

— Iko muzuri, akasema. Nipe kikombe nionje.

Virginie akainua birika. Halikutoa hata tone. Wazee watatu wakatazama ndani ya vikombe vyao.

Maman Gisèle akawakagua mmoja mmoja, kisha akacheka mpaka akashika benchi.

— Kumbe simu ilisema kweli. Bezi beko, tena ku benchi. Niandikie kilo quarante, arobaini nzima, Virginie, na uzilete kwangu mbele ya hawa kuamuka.

Virginie akachukua daftari, akaanza kuandika jina la mteja.

— Gisèle, akanong'ona Placide. Kwa s moja.