Muhuri Chini ya Vitenge

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Kokugonza, mama wa jumuiya ndogo ndogo ya mlimani, huko Ilemela. Amezikwa Jumanne. Habari hizi nimepewa na Bernadetta, katibu wa jumuiya hiyo. Ameniambia: "Yaseme yote, hata ya aibu."

Kule juu ziwa unaliona, lakini bomba hakuna. Kwa miaka tisa, kila Jumamosi, Bernadetta aliwaongoza akina mama kupandisha ndoo kwenye mawe, kuwapelekea wazee maji. Jina lake lilisomwa kanisani. Alilipenda hilo, wasikilizaji. Alilipenda mno.

Ndipo Kokugonza akahamia huko mlimani. Wiki moja jumuiya ilisali nyumbani kwa Mzee Nkwabi, ambaye miguu yake imegoma. Baada ya Injili, Kokugonza akauliza taratibu: "Sheria ya Musa ilimwachia maskini pembe za shamba, mwenye shamba asizivune. Je, maskini huyo alikuwa anaomba? Zilikuwa zake, Mungu ndiye aliyempa. Basi maji ya Mzee Nkwabi ni huruma yetu, au ni haki yake?"

Mzee Nkwabi akapiga makofi. Miaka tisa hakuwahi kumpigia Bernadetta. Bernadetta akaona wivu, hata wimbo wa mwisho hakuuimba.

Jumuiya ikaandika barua ofisi ya maji, kudai bomba. Ukabaki muhuri tu, na muhuri hukaa kwa katibu. Barua bila muhuri nani ataipokea?

"Dada, muhuri siuoni," Bernadetta alimjibu Kokugonza.

Ulikuwa kabatini, chini ya vitenge. Miezi minne, wasikilizaji. Miezi minne muhuri umelala kabatini, na Kokugonza anapandisha ndoo na wenzake, haulizi tena. Hata uvumilivu wake Bernadetta aliuonea wivu.

Jumapili, presha ikamchukua Kokugonza.

Msibani, Bernadetta alimpigia magoti Longino, mume wa marehemu, akautoa muhuri. Longino hakushtuka.

"Alijua uko kwako," alisema. "Nilitaka nije niuchukue, akanikataza. Alisema haki ya Nkwabi tuidai wote, na wewe ukiwemo. Ukinyang'anywa, hiyo si barua ya jumuiya."

Barua iligongwa muhuri palepale, juu ya kiti cha plastiki. Jumatano Bernadetta aliipeleka mwenyewe.

Pole sana, Longino. Poleni watoto na jumuiya nzima. Mungu ampumzishe mama yetu. Nawe unayenisikiliza, hebu jiulize: kabatini kwako umeficha haki ya nani?

Majibu ya barua bado. Kesho Jumamosi ndoo zinapanda kama kawaida, na Bernadetta atapanda mara mbili.