Msimu Mmoja Zaidi wa Mathews Ondiek Okello

Familia ya marehemu Mzee Dalmas Okello inawashukuru kwa kufika katika boma hili la Luanda Kotieno, leo Jumamosi tarehe 5 Aprili 2025, kumsindikiza Mathews Ondiek, ambaye wachezaji wenzake walimwita Spini, na historia hii inasomwa jinsi mkewe, Lorine, alivyoisimulia, kwa kuwa ameomba isipunguzwe.

Mathews alizaliwa hapa tarehe 14 Juni 1986, mtoto wa tatu wa Mzee Dalmas, aliyekuwa mtunza uwanja wa kriketi mjini Kisumu, na Mama Bridget, muuza omena, dagaa wa ziwa hili, katika ufukwe huu. Alianza darasa la kwanza mwaka 1993, na mwaka 1997, akiwa darasa la tano, alikosa karibu muhula mzima kwa homa ya koo na maumivu ya viungo yaliyohama kutoka goti hadi kiwiko, yakaisha yenyewe, familia ikamshukuru Mungu na kusahau. Mwaka 2001 alihamia kwa babake Kisumu kuanza sekondari, na jioni, baada ya kumsaidia mzee kuvuta rola, lile gogo zito la chuma la kusawazisha uwanja, alijifunza kurusha kwa mipira iliyochakaa iliyoachwa na wachezaji. Mbio hakuwa nazo, kwa hiyo alichagua spini, yaani mpira unaorushwa polepole na kugeuka unapogusa ardhi, mpigaji akabaki anapiga hewa.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 2004, akachezea vilabu vya Kisumu na Nairobi kwa miaka karibu ishirini, huku akifundisha kriketi katika shule za mjini, na mwaka 2014 klabu ya kijiji kimoja kaskazini mwa Uingereza ilimchukua kwa msimu mmoja, kuanzia Aprili hadi Septemba, ikampa chumba, mshahara na kazi ya kufundisha watoto. Msimu huo ndio uliojenga nyumba mnayoiona nyuma ya jeneza. Tangu hapo, kila Novemba, vilabu vya ng'ambo vinapotafuta wachezaji, Mathews hakuiweka simu chini, chakula kikapoa mbele yake, na kila mwaka alijibiwa kwamba amepatikana mtu wa umri mdogo zaidi.

Alifunga ndoa na Lorine tarehe 7 Desemba 2013, wakaishi Migosi, mjini Kisumu, wakajaliwa Debra mwaka 2015 na Calvince mwaka 2018. Rafiki yake mkubwa alikuwa Bwana Hiram, muuza vipuri wa Mamboleo na mdakaji wa timu, ambaye alizoea kumwambia, "Spini, mipira yako inajua njia ya Uingereza, ni wewe tu umebaki," naye akimjibu, "Wewe nitafutie bega la mtumba huko dukani, mengine niachie."

Kikohozi kilianza Mei 2024. Lorine alimwomba aende hospitali, akakataa, na sababu yake anaijua kila mchezaji aliyeketi hapa. Mwaka 2019 mwenzao Waswa alipata klabu Uingereza, akapimwa kifua kama viza inavyotaka, akakutwa na TB, klabu ikachukua mtu mwingine. Kwa hiyo Mathews alisema, "Mama Debra, hospitali ikiandika, imeandika. Ngoja nipate klabu kwanza." Lorine akamuuliza, "Na kifua nacho kimekubali kungoja?"

Alinunua dawa za kikohozi dukani, akatafuna tangawizi, na kufikia Agosti alikuwa akilala ameketi, mito mitatu mgongoni, kwa kuwa akilala chali pumzi ilikatika, akawaambia watoto kwamba anafanya mazoezi ya ndege, kwani abiria wa safari ndefu hulala hivyo. Calvince naye akaanza kulala ameketi. Lorine alikuwa akisikiliza pumzi za wote wawili, ile nyepesi na ile nzito, asijue amwambie nani bila kumharibia mumewe safari.

Novemba ile klabu moja ya Uingereza iliomba video. Bwana Hiram alishika simu, Mathews akarusha, akaenda nyuma ya rola kukohoa, akarudi, akarusha tena, na vipande vilipounganishwa kikohozi hakikusikika popote. Tarehe 12 Desemba klabu ilijibu kwamba inamhitaji Aprili.

Tarehe 16 Januari 2025 alipimwa kifua Nairobi. Lorine alikuwa Mamboleo, sokoni, simu ilipoita, na mumewe akasema, "Nimepita. Hakuna TB." Lorine aliketi juu ya gunia la vitunguu la mtu asiyemjua, akalia, mwenye gunia akamwacha. Alichoficha Mathews ni kwamba daktari aliyesoma picha alimwonyesha moyo uliotanuka, akamwambia atafute matibabu siku hiyo hiyo. Mathews alipiga hesabu yake, kwamba atacheza kwanza, atibiwe Septemba akirudi.

Alianguka mazoezini tarehe 3 Machi, na akiwa kitandani hospitalini Kisumu ndipo alipomweleza mkewe yote. Madaktari walikuta valvu ya moyo imeharibika tangu ile homa ya koo ya darasa la tano, na kikohozi kilitoka huko, wakapanga apate nguvu kwanza ndipo apasuliwe, lakini nguvu hazikuja, na Alhamisi tarehe 20 Machi 2025, alfajiri, Mathews alituacha akiwa na umri wa miaka thelathini na minane. Tiketi yake ni ya Jumatano ijayo.

Lorine anataka hili lisikike hadi huko nyuma. Waswa alimeza dawa miezi sita, akapona, na asubuhi hii ndiye aliyeshika jeneza upande wa mbele kutoka barabarani hadi hapa bila kubadilishana na mtu. Kuna wanaosubiri safari katika mkutano huu, na wengine tumewasikia wakikohoa tangu ibada ianze. Tafadhalini, msisubiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Migosi waliokaa na watoto, Bwana Hiram na wafanyabiashara wa Mamboleo, walimu na wachezaji wote, pamoja na klabu ya Uingereza, ambayo imetuma rambirambi na kusema kwamba mechi ya kwanza ya msimu itaanza kwa wachezaji kusimama kimya.

Baba Debra, sasa unaweza kulala chali. Pumzika kwa amani.